JFK mpaka Changi ni kilomita ngapi? Shajara ya kamradi kaliotakiwa kuisha kwa nusu saa

Siku ya 1, usiku

Haya, nimeanza rasmi. Kazi ilivyokuja ni hivi: dada mmoja wa kitengo cha ripoti kanifata na orodha ya safari za ndege 212, kila safari ina zile herufi tatu za uwanja wa kuondokea na herufi tatu za uwanja wa kufikia, basi, hakuna kingine. Anataka safu moja ya umbali pembeni, kwa kilomita, sababu wanapiga hesabu ya hewa ya ukaa ya mwaka mzima. Kaniuliza, "Kaka, si ya nusu saa tu hii?" nami kwa mdomo wangu mwenyewe nikamjibu nusu saa nyingi dada yangu, utaipata leo leo. Naandika hapa ili nibaki na ushahidi dhidi yangu.

Nimechagua safari moja iwe ya kujipimia, ndefu kuliko zote kwenye orodha: JFK ya New York kwenda SIN, yani Changi ya Singapore. Hii njia inajulikana, ni ndege ya abiria inayoenda mbali kuliko zote bila kutua, na umbali wake unatajwa kila mahali kuwa km 15,349. Kwa hiyo nikitoa 15,349 najua programu iko sawa, nikitoa kingine najua nimeharibu. Mtihani wenye majibu nyuma ya kitabu, nani asiyependa.

Jaribio la kwanza nimelifanya kivivu, nakiri. JFK iko latitudo 40.6398 na longitudo -73.7789, Changi iko 1.3502 na 103.9944. Nikachukua tofauti ya latitudo, tofauti ya longitudo, nikaita Pythagoras kama tulivyofundishwa kwa pembetatu, nikapata nyuzi 182 na kidogo, nikazidisha kwa kilomita 111 za kila nyuzi. Jibu: km 20,209.

Nikalitazama hilo jibu, mwanzo nikaona tu ni kubwa, alafu ndo nikashtuka kwamba si kubwa tu, haliwezekani. Mzingo wa dunia ni kama km 40,030, nusu yake ni 20,015, na hakuna sehemu mbili duniani zinazozidi hapo kwa njia fupi, maana ukishapita nusu ya duara unakuwa umeshaanza kurudi ulikotoka kwa upande wa pili. Yani nimeipeleka ndege nje ya dunia.

Kosa lenyewe ni la kitoto. Nyuzi moja ya latitudo ni km 111 popote pale, ila nyuzi moja ya longitudo ni 111 kwenye ikweta tu, pale JFK imeshashuka mpaka kama 84 na nusu, na ukifika ncha ya kaskazini ni sifuri, mistari yote imekutana. Mi nimeihesabia kote kote sawa kana kwamba dunia ni mkeka. Nalala.

Siku ya 2

Leo nimehamia kwenye fomula ya havasaini, ambayo kila mtu anayeshughulika na umbali wa ndege huishia kukutana nayo. Jina lina historia nzuri, Mwingereza James Inman ndo aliyelitia kwenye kitabu chake cha unahodha mwaka 1835, ni kifupi cha kusema nusu ya kitu kinachoitwa vesaini, ambacho nacho ni 1 kutoa kosini. Zamani mabaharia walikua na majedwali yaliyochapwa ya hizo namba ili wasihangaike na alama za hasi wakiwa katikati ya bahari inayoyumba, na mimi niliyekaa kwenye kiti kisichoyumba ndo nimehangaika nazo siku nzima, utaona.

Kwa maneno ni hivi: chukua nusu ya tofauti ya latitudo, tafuta sini yake, izidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa nusu ya tofauti ya longitudo, ila hiyo ya pili uipunguze kwa kuzidisha na kosini za latitudo zote mbili (hapo ndipo mistari inayokaribiana inapohesabiwa, kile nilichokosa jana). Jumlisha, chukua kipeuo cha pili, tafuta sini kinyume, zidisha mara mbili, zidisha kwa nusu kipenyo cha dunia, 6371. Mistari tisa ya skripti, naipenda sana.

Nimeiendesha. Jibu: 8,380 na vipointi.

Sasa hili ndo jibu baya kuliko la jana ujue, maana la jana lilijianika lenyewe kwamba ni la uongo. 8,380 ni umbali wa kawaida kabisa wa safari ya ndege, ungeweza kuuweka kwenye ripoti na hakuna mtu angenyanyua jicho. Nimekaa nalo kama dakika ishirini nikidhani labda fomula nimeikosea, naikagua herufi kwa herufi, kumbe fomula haina shida, kompyuta inataka pembe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, mi naipa nyuzi. Ukiiambia sini ya 40.6 inadhani unamaanisha radiani 40.6, inazunguka duara mara sita na kitu inakuja kutua popote inapotaka. Nikaweka kigeuzi.

Jibu: 5,322.

Nikacheka tu. Hii niliigundua haraka kidogo kwasababu nimeichora hiyo pointi kwenye ramani: JFK ilikua imekaa milimani Kirgizistani. Wakati nanakili namba kutoka kwenye daftari kuja kwenye skripti nimeidondosha alama ya hasi ya longitudo, na New York iko magharibi ya mstari wa sifuri, kwa hiyo 73.7789 bila hasi inakutupa Asia ya kati. Latitudo ni ile ile, upande wa dunia sio. Kwa mtu anayeanza hii kazi nasema hivi, chora pointi zako kwenye ramani kabla hujapiga hesabu yoyote, macho yanaona kosa la alama ndani ya sekunde moja.

Nikarudisha hasi. Jibu: 15,340.6, tuseme 15,341.

Hapo ni saa nne usiku na nimefurahi kupita kiasi. Bado 8. Kilomita nane kati ya 15,349. Mtu mwenye akili angefunga kompyuta akaenda kulala na asubuhi akapeleka kazi. Tofauti ni asilimia 0.05, nani anajali.

Mi nimejali. Ndo tatizo.

Siku ya 3

Leo sikugusa fomula, nilikua na data. Viwanja vyote nimevitoa OurAirports, ni faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la bure lenye viwanja vya dunia nzima, likiwa na latitudo na longitudo kwa desimali. Zuri sana ila lina mitego yake, naandika niliyokanyaga.

Mtego wa kwanza, Namibia. Kifupi cha jina la nchi ya Namibia ni NA, na pandas, kifaa cha kusomea majedwali cha lugha ya Python, ikikutana na NA kwenye CSV inadhani sehemu hiyo haina kitu, inafuta. Alafu kibaya zaidi safu ya bara nayo inaiandika Amerika ya Kaskazini NA, kwa hiyo nilipochuja kwa bara, JFK haikuwepo, Chicago haikuwepo, Toronto haikuwepo, bara zima limemezwa. Dawa ni kuiambia isome maandishi kama yalivyo isijifanye inajua.

Mtego wa pili, Istanbul. Herufi IST zilihama tarehe 6 Aprili 2019, kutoka uwanja wa zamani wa Atatürk kwenda uwanja mpya, na Atatürk akapewa ISL. Mi nilikua na faili langu la zamani la miaka hiyo nililotaka kuanza nalo kwasababu ni dogo, na ndani yake IST bado iko mahali pa zamani, kosa la zaidi ya km 30. Mimi ninayekesha kwa ajili ya km 8! Faili la zamani nimelifuta kabisa lisije likanitega tena.

Na wa tatu ni dakika na sekunde. Viwanja vichache nilivijaza kwa mkono kutoka kwenye chati, na chati zinaandika JFK kama nyuzi 40, dakika 38, sekunde 23. Ukiichapa kama 40.3823 umeisogeza JFK kusini kwa karibu km 29. Dakika 38 ni 38 juu ya 60, sio 38 juu ya 100, naijua hii toka utotoni na bado nimeikosea viwanja viwili.

Ah, na swali lililonisumbua pembeni: uwanja wa ndege ni eneo kubwa, una njia kadhaa za kurukia, sasa hiyo pointi moja iko wapi hasa? Kumbe kila uwanja una pointi yake rasmi ya rejea, na kwa kawaida inawekwa karibu na katikati ya uwanja. Toka 1998 usafiri wa anga kimataifa unatakiwa utumie mfumo mmoja wa WGS84 kutaja mahali, ule ule wa GPS. Kwa hiyo hata pointi ikiwa sahihi kabisa, ndege inaweza ikawa imeanzia kilomita moja mbili kutoka hapo. Niliisoma hiyo nikaipita haraka, sikutaka kufikiria maana yake kwa zile kilomita zangu nane.

Siku ya 4 na ya 5 (zimeungana, sikumbuki mpaka uko wapi)

Uwindaji wa kilomita nane.

Mshukiwa wa kwanza ni ile 6371. Hiyo ni wastani. Dunia si tufe kamili, imebonyea nchani na imevimba kiunoni, kutoka katikati mpaka ikweta ni km 6,378.137 na kutoka katikati mpaka ncha ni km 6,356.752, tofauti karibu km 21 na nusu. Nikajaribu kuweka ya ikweta: 15,358. Sasa nimezidi kwa tisa badala ya kupungukiwa nane. Yani kubadilisha namba moja tu kwenye fomula kunasogeza jibu kwa km 17, na hakuna nusu kipenyo kimoja kitakachokuwa sahihi kwa safari zote, maana safari ya kuambaa ikweta na safari ya kupita ncha zinagusa dunia mbili tofauti kidogo.

Na hapo ndo nikaelewa kwanini JFK na Changi hasa zinatoka fupi kwenye havasaini. Nikapiga hesabu ya mwelekeo wa kuondokea JFK, nikapata nyuzi 3.3. Karibu kaskazini kabisa! Changi iko mashariki ya mbali kwa vichwa vyetu vilivyozoea ramani ya ukutani, lakini tofauti ya longitudo ni nyuzi 177.8, yani karibu upande wa pili kamili, na njia fupi ya kwenda upande wa pili ni kukatiza juu. Njia yenyewe inapanda mpaka latitudo 87.5, inapita km 280 tu kutoka ncha ya kaskazini, alafu inateremka upande wa Asia mpaka karibu na ikweta. Na kule juu dunia iliyobonyea ina upinde uliotanuka zaidi, nyuzi moja ya latitudo karibu na ncha ni km 111.7, pale ikweta ni 110.6. Safari yangu inatumia muda mwingi kule kwenye nyuzi ndefu, ndo maana tufe la wastani linaipunja.

Basi dawa ni kuhesabu juu ya elipsoidi, yani hilo umbo la tufe lililobonyea, na fomula inayotumika sana ni ya Thaddeus Vincenty ya mwaka 1975. Nimempenda huyu mtu kwa sababu moja, aliipanga fomula yake iwe fupi kwa vile wakati ule walikua wanatumia mashine za mezani kama Wang 720 zenye kumbukumbu ya kilobaiti chache tu. Haitoi jibu mara moja, inakisia, inarekebisha, inakisia tena, mpaka marekebisho yanakuwa madogo hayana maana. Usahihi wake unatajwa kuwa nusu milimita. Nusu milimita! Kwa ndege yenye urefu wa mita sitini na kitu!

Nimeiandika upya mara tatu kwasababu ina herufi za Kigiriki nyingi na sigma moja nilikua naichanganya na sigma nyingine. Saa saba usiku wa siku ya 5 ikatoka:

15,349.

Nimesimama nikazunguka chumba. Hamna wa kumwambia saa hiyo, nimeandika hapa.

Siku ya 6

Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nikataka mchoro, mstari wa njia juu ya ramani, ili ripoti ipendeze (hakuna aliyeniomba mchoro). Nimegawa njia vipande mia moja, nikachora.

Mstari unatoka New York, unapanda juu wima, unatoka nje ya ramani. Upo, alafu haupo. Unaibuka tena Siberia unateremka.

Nimetafuta kosa masaa mawili. Hakuna kosa. Ramani hizi za kwenye simu na kompyuta zinatumia mchoro wa Mercator, ambao unavuta nchi za juu kadiri unavyokaribia ncha, na ncha yenyewe ingekuwa mbali isiyo na mwisho, kwa hiyo wameamua kuikata latitudo 85.05 ili ramani iwe mraba. Njia yangu inafika 87.5. Kama km 950 za safari ziko mahali ambapo ramani hiyo haina. Nikabadilisha nikachora kwa ramani inayotazama dunia kutoka juu ya ncha, na mstari ukawa karibu umenyooka kama rula. Yani ramani moja inaionesha ndege imepotea, nyingine inaionesha inaenda moja kwa moja, na namba ya umbali haijabadilika hata mita.

Siku ya 8

Jana sikufanya kitu. Leo nimeamua kuitesa programu.

Testi ya kwanza, uwanja na wenyewe, JFK mpaka JFK. Havasaini inasema sifuri. Vincenty inasema NaN, yani "hii si namba", imegawanya sifuri kwa sifuri. Sawa, nimeweka sharti, ukiona pointi mbili ni moja toa sifuri usifikirie sana.

Testi ya pili, pointi na mwenzake wa upande wa pili kabisa wa dunia. Hapa havasaini nayo iliyumba kidogo, kwa baadhi ya pointi kompyuta inakosea kidesimali cha mwisho, namba inayotakiwa kuwa 1 kamili inakuwa 1.0000000000000002, na sini kinyume ya kitu kinachozidi 1 haipo. Ukiizuia isizidi 1 yameisha.

Testi ya tatu ndo iliyoniharibia jumapili. Nilitaka viwanja viwili vya kweli vinavyotazamana kupitia katikati ya dunia, na vipo karibu kabisa: Palembang kule Sumatra, Indonesia, na Neiva kule Kolombia. Ukichoma sindano kwenye uwanja wa Palembang ikapita katikati ya dunia ingetokea kama km 6 tu kutoka uwanja wa Neiva. Hakuna ndege inayoenda moja kwa moja, ila hesabu haijali ndege.

Havasaini: 20,009, papo hapo. Vincenty: kimya. Feni ya kompyuta ikaanza kupiga kelele. Nikasubiri, nikaenda kuoga, nikarudi, bado. Nilikua sijaiwekea kikomo cha kukisia, kwa hiyo ilikua inakisia huku, inarekebisha, inakisia kule, inarudi pale pale, ingeendelea mpaka umeme ukatike. Udhaifu huu unajulikana, Vincenty mwenyewe alijua kwamba pointi zikikaribia kuwa kinyume kabisa fomula yake inaweza isitulie. Na ukifikiria inaeleweka, maana ukisimama mahali na unaenda upande wa pili wa tufe kamili, kila upande utakaoelekea ni njia fupi, zote sawa. Mshale wa dira hauna la kukuambia. Dunia kwa kuwa imebonyea inavunja huo usawa kidogo, njia ya kupitia nchani inakuwa fupi kuliko ya kuambaa ikweta, ila kidogo tu, na fomula inababaika humo humo.

Aliyelimaliza hili ni Charles Karney, alichapisha njia yake mwaka 2013 na ipo kwenye programu ya bure inaitwa GeographicLib, inatulia kwa pointi zozote mbili. Nikaipakua badala ya kujifanya fundi. Palembang mpaka Neiva: kama km 19,998, kwa kupitia nchani. Havasaini ilizidisha kama km 11 hapa, wakati kwa Changi ilipunguza 8. Kumbe hata haikosei upande mmoja.

Vincenty yangu niliyoikesha usiku mbili nimeitoa kwenye programu. Sijaifuta, nimeiweka kwenye folda pembeni. Inauma.

Siku ya 9

Leo nimefanya hesabu ambayo nilitakiwa kuifanya siku ya kwanza, nayo imenikata maini.

Nilikua naongeza safu ya muda wa safari, nikaanza kuwaza, ndege haitambai juu ya ardhi. Inaruka kimo cha km 11 hivi. Duara la juu ni refu kuliko la chini. 11 juu ya 6371 ni asilimia 0.17, ukiizidisha kwa 15,349 unapata km 26.

Ishirini na sita. Kimo peke yake kinaongeza km 26, mara tatu ya zile nane nilizozikimbiza siku mbili mpaka saa saba usiku. Zile namba zote zinazotajwa, pamoja na 15,349 yenyewe, zinapimwa usawa wa bahari, ambako ndege inakuwa kwa dakika chache tu kuondoka na kutua.

Na hiyo bado ni ndogo. Singapore Airlines walipoanzisha tena safari ya kwenda Newark Oktoba 2018, hapo jirani na JFK, walitaja safari ya kama km 16,700 na masaa 18 na dakika 45, wakati njia fupi kwa hesabu ni km 15,344. Zaidi ya km 1,300 za ziada, zimeenda wapi? Kwenye upepo. Kule juu kuna mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege ikipata ya kumsukuma mgongoni hata akizunguka anafika mapema na anachoma mafuta kidogo kuliko kukatiza nchani kwa njia fupi. Kwa hiyo rubani wa kutoka Singapore mara nyingi anapita Pasifiki, anayerudi anaweza akapita Atlantiki, wote wanaelekea mashariki, yani wameizunguka dunia nzima kwenda na kurudi. Ile njia yangu nzuri ya nyuzi 87.5 ipo kwenye mchoro wangu.

Na kuna anga lililofungwa. Finnair walikua wanatoka Helsinki kwenda Tokyo kwa masaa tisa na nusu hivi juu ya Urusi, anga ile ilipofungwa kwao mwaka 2022 wakawa wanapita hata juu ya ncha ya kaskazini na safari ikawa kama masaa 13. Viwanja vile vile viwili, havijasogea, fomula inatoa namba ile ile ya zamani.

Muda nao, nikagawa 15,349 kwa km 900 kwa saa, ambayo ndo mwendo wa ndege kubwa za sasa, Mach 0.85, yani asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Inatoka masaa 17 na dakika tatu. Ratiba inasema zaidi ya 18 na nusu. Kwa nilichoandika hapo juu sishangai tena, safu ya muda nimeifuta, asiulize mtu.

Nilichokikosa toka mwanzo ni kumuuliza yule dada swali moja: unataka umbali upi? Maana upo wa kati ya pointi mbili chini, upo ambao ndege imepita, na nusu milimita ya Vincenty haikusogezi hata hatua moja kutoka wa kwanza kwenda wa pili.

Siku ya 10

Nimemuuliza.

Kanionesha maelekezo ya fomu yao. Inataka umbali wa duara kubwa, ule wa njia fupi juu ya tufe, alafu unaongeza kiasi maalum cha kufidia mizunguko, kwa mtindo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: chini ya km 550 ongeza 50, kati ya 550 na 5,500 ongeza 100, zaidi ya hapo ongeza 125. Kisha, na hii iko kwenye mstari wa mwisho kabisa wa fomu, kwa maandishi ya kawaida tu, kadirisha kwa mia iliyo karibu.

Nikamuuliza mia? Akasema "ndiyo kaka, mia, kwani kuna tatizo?"

Nikarudi kwenye kiti. JFK mpaka Changi kwa havasaini ya siku ya pili: 15,341 ongeza 125 ni 15,466, kwa mia ni 15,500. Kwa elipsoidi: 15,349 ongeza 125 ni 15,474, kwa mia ni 15,500.

Nimeendesha orodha yote kwa njia zote mbili nikalinganisha. Zipo chache ambazo zilikaa mpakani zikaruka mia moja juu au chini, zingine zote ni sawa sawa. Nimempelekea ya GeographicLib, sio kwamba inahitajika, ni kwamba nikiangalia folda ile pembeni roho inaniuma na lazima kitu fulani kiende kwenye ripoti. Kosa la Istanbul lingeweza kuonekana hata kwa mia, hilo angalau naweza kujisifia, na Namibia ipo kwenye orodha haijamezwa.

Kapokea, kafungua, kateremsha mpaka chini, kasema "asante sana kaka, umechelewa lakini asante". Alafu kabla hajaondoka kanambia kesho analeta orodha nyingine, safari 90, za treni, nazo anataka safu ya umbali hivyo hivyo, na kwa kuwa programu iko tayari si itakua ya nusu saa tu.

Sijamjibu bado.